Namna ya Kuchunguza Filamu na Mitandao Inavyobadili Desturi za Mtaa Wako

Ukikaa kwenye baraza la wazee, au ukisikiliza mahubiri, hotuba za kufungua semina na maoni ya wasikilizaji redioni, utasikia kwamba filamu na mitandao ya kijamii imewaharibu vijana. Ukikaa na wauza vifurushi vya intaneti na waandaaji wa matamasha, utasikia kinyume chake, kwamba vyombo hivyohivyo vimeifungua jamii macho. Kauli zote mbili zina kasoro moja: hazisemi ni kitu gani kilichobadilika, kwa nani, tangu lini, wala msemaji amejuaje kwamba ni filamu iliyokibadilisha na si shule, barabara, umeme au ugumu wa maisha. Mwongozo huu ni wa mwalimu wa sekondari, mwanafunzi wa chuo anayetafuta mada ya utafiti mdogo, au kiongozi wa kikundi cha vijana, ambaye angependa kulijibu swali hilo kwa ushahidi katika eneo analolifahamu. Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. Inahitaji daftari, miezi mitatu hivi, wenzako wawili au watatu wa kusaidiana, na utayari wa kulipokea jibu hata kama si lile ulilolitamani.

Nitatumia mfano mmoja ili hatua zote zishikane: kijana kupiga goti mbele ya watu na kumvisha mchumba wake pete, huku simu kadhaa zikirekodi. Wazazi wetu hawakuposana hivyo. Mshenga alitumwa, barua ya posa ikapelekwa, kishika uchumba kikatolewa, na mara nyingi binti mwenyewe alikuwa chumba cha ndani wakati habari zake zinazungumzwa sebuleni. Leo magoti yanapigwa hotelini, ufukweni, hata kwenye mahafali ya chuo.

Chagua jambo moja linaloonekana kwa macho

Kosa la kwanza la wachunguzi wengi, nami nililifanya, ni kuanza na neno "maadili". Ukimwuliza mtu kama filamu zinaharibu maadili, atakujibu ndiyo kabla hujamaliza kuuliza, kwa sababu anajua kwamba hilo ndilo jibu la mtu mwenye adabu. Nilijaza daftari zima kwa majibu ya namna hiyo, kisha nilipoanza kuuliza "kama lipi?" nikakuta kila mmoja ana lake, na wengi hawana hata moja.

Kwa hiyo chagua kitu ambacho mtu anaweza kukiona, kukisikia au kukihesabu. Goti na pete ni kimoja. Mtindo wa nywele unaoagizwa kwa kinyozi ni kingine, na picha zilizobandikwa ukutani kwa kinyozi ni kumbukumbu nzuri kuliko maneno ya wateja wake. Maneno mapya pia yanafaa: "kiki" (umaarufu unaotafutwa kwa makusudi) na "chawa" (mtu anayemsifia mkubwa ili anufaike), kwa mfano, yametoka kwenye habari za wasanii na mitandaoni, na sasa yanatumika hata kuwasema wanasiasa. Kama una nafasi ya kuziona rejista za zamani za shule kwa idhini ya mwalimu mkuu, hesabu majina ya watoto mwaka baada ya mwaka bila kumtaja yeyote. Jina la mhusika wa tamthilia linapoingia darasani huja kama wimbi, likavuma miaka michache kisha likatoweka.

Ukishachagua, liandike jambo lako katika sentensi moja yenye mahali na kipindi. Usiandike "athari za filamu katika ndoa". Andika: "Katika mtaa huu, uchumba wa hadharani wenye goti na pete umeenea kiasi gani kati ya watu waliooana katika miaka 20 iliyopita, na waliufahamu kutoka wapi?" Sentensi hiyo itakurudisha njiani kila utakapopotea, na utapotea.

Tafuta kile walichokiona hasa

Hatua ya pili hurukwa karibu kila mara. Mchunguzi huchukua filamu, akaitazama mwenyewe nyumbani katika lugha yake ya asili, kisha akaeleza jinsi "inavyowaathiri" watu ambao hawakuiona hivyo hata siku moja.

Katika Afrika Mashariki, filamu za kigeni huwafikia wengi zikiwa na sauti ya mtu wa kati. Ndani ya kibanda umiza cha Dar es Salaam, yaani chumba kidogo cha kuonyeshea filamu kwa kiingilio, mtazamaji wa filamu ya mapigano ya Kichina au ya mapenzi ya Kihindi humsikia mfasiri anayeeleza, anayechekesha, anayempa shujaa jina la mtaani na adui tabia ya jirani asiyelipa madeni. Nchini Kenya DJ Afro amejenga jina lake kwa kazi hiyohiyo, na Uganda wapo wanaoitwa "VJ", kama VJ Jingo, wanaoifanya kwa Kiganda. Mfasiri wa aina hii hatafsiri tu. Hukemea, huusia, hutania, na mara nyingine huibadilisha hadithi kabisa. Filamu iliyotengenezwa Hong Kong kusifu utiifu wa mwanafunzi kwa mwalimu wake inaweza kutoka upande wa pili ikiwa kisa cha kijana maskini aliyedhulumiwa na tajiri. Ukiichunguza filamu bila sauti hiyo, umechunguza filamu nyingine.

Jambo hili si geni kama linavyoonekana. Kati ya mwaka 1935 na 1937, kule Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha mradi wa filamu za mafunzo uliotengeneza filamu 35 kuhusu kilimo, afya na mambo kama hayo, zikazungushwa kwa lori Tanganyika na nchi za jirani. Sauti ilirekodiwa kwenye santuri pembeni, ili picha ileile ipewe maelezo ya lugha tofauti kadiri lori lilivyosafiri. Watengenezaji walijua wazi kwamba sauti ya mwenyeji ndiyo inayoamua picha itaeleweka vipi.

Tamthilia zilizotiwa sauti za Kiswahili zinastahili uangalifu uleule. Mwaka 2011 TBC, shirika la utangazaji la taifa la Tanzania, ilirusha tamthilia ya Kichina kuhusu mke kijana aitwaye Doudou na mama wakwe zake, ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, na miaka miwili baadaye Rais Xi Jinping aliitaja alipohutubia Dar es Salaam. Ukitaka kujua kwa nini kisa cha Beijing kiliwagusa watu wa Temeke, anza na ugomvi wa mkwe na mama mkwe, ambao kila nyumba inaujua, kabla hujafika kwenye China. Watu huchota katika hadithi ngeni kile ambacho tayari wana chombo cha kukichotea.

Kwa hiyo fanya hivi: nenda mahali watu wanapotazamia. Kaa kibandani jioni tatu au nne, sebuleni kwa jirani wakati wa tamthilia, na kijiweni wakati video zinapitishwa kutoka simu hadi simu. Andika filamu ilikuwa ipi, kwa sauti ya nani, watu walicheka wapi, walinyamaza wapi, na walibishana kuhusu nini waliponyanyuka. Ugomvi wa kutoka mlangoni una thamani kuliko dodoso la kurasa 5.

Fuata njia ya jambo lako hadi lilikotoka

Goti na pete vinaonekana kama vimeshuka moja kwa moja kutoka filamu za Marekani. Huenda ni kweli, huenda si kweli kwa huyu unayemhoji. Mwulize kila mmoja: mara ya kwanza uliona wapi mtu akifanya hivi? Wengine watataja filamu. Wengine watataja filamu za Nigeria au za Bongo, ambazo zenyewe zililipokea goti kutoka kwingine na kuliingiza katika sebule inayofanana na zao. Wengi wa umri mdogo watataja video ya msanii Instagram. Na wapo watakaosema waliona kwa binamu yao, ambaye hawajui yeye alitoa wapi. Chora njia hizo kwenye karatasi, mshale baada ya mshale, maana chanzo cha jambo na mtu aliyelifanya likubalike mara nyingi ni vitu viwili tofauti.

Ngoma ya Jerusalema inaonyesha jinsi njia inavyoweza kupinda. Wimbo ulitoka Afrika Kusini mwishoni mwa 2019, wa Master KG akiwa na Nomcebo Zikode. Mtindo wa kuucheza uliosambaa duniani ulitoka Angola, Februari 2020, katika video ya kundi la Fenómenos do Semba wakicheza huku wameshika sahani za chakula. Wahudumu wa hospitali na watawa wa Ulaya walipoucheza miezi michache baadaye, utamaduni ulikuwa unasafiri kutoka kusini kwenda kaskazini, kinyume na mshale ambao wengi wetu tungeuchora kwa mazoea. Pwani yetu nayo ina kisa chake: taarab ilichota nyimbo za filamu za Kihindi kwa miongo mingi, zikatiwa maneno ya Kiswahili yenye mafumbo ya kwetu, hata bibi anayeimba moja leo atakuapia kwamba ni ya Unguja tangu zamani. Kwa maoni yangu bibi huyo hajakosea.

Linganisha, la sivyo utakuwa umesimulia tu

Hapa ndipo penye ugumu, na hapa ndipo utafiti mdogo unapotofautiana na makala ya kulalamika. Kujua kwamba filamu zimeongezeka na goti limeongezeka hakuthibitishi kwamba la kwanza limeleta la pili. Katika miaka hiyohiyo mabinti wengi zaidi wamesoma, vijana wamehamia mijini mbali na wajomba wa kuwatuma posa, na simu zenye kamera zimeshuka bei.

Mfano bora ninaoufahamu wa namna ya kulinganisha ulifanyika Tanzania yenyewe, na ulihusu mchezo wa redio. Mantiki yake ni ileile. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa kuigiza uliohusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Eneo la Dodoma liliachwa nje kwa makusudi kwa miaka miwili hivi: kituo cha huko kilirusha vipindi vyake vya mahali katika muda huo, hadi mwaka 1995. Watafiti wakaweza kulinganisha mabadiliko ya waliousikia na ya wale ambao hawakuusikia, ndani ya nchi moja, chini ya serikali moja na katika miaka ileile. Matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi kule mchezo uliposikika. Mhusika mmoja, dereva wa lori aliyeitwa Mkwaju, mwenye wanawake kila kituo, alizama katika lugha kiasi kwamba mwanamume wa tabia hiyo akawa anaitwa "Mkwaju". Hiyo ndiyo alama ya hadithi iliyoingia mtaani: watu hulichukua jina lake na kulitumia kumsema mtu wao.

Wewe huna mtambo wa redio wa kuuzima. Bado unazo njia za kulinganisha. Linganisha rika kwa rika: waliooana kabla ya simu janja kufika mtaani, waliooana zilipokuwa za wachache, na waliooana baada ya kila mtu kuwa nayo. Linganisha mtaa wenye kibanda na umeme na kijiji cha jirani kilichochelewa kuvipata, ukichagua vijiji vinavyofanana kwa dini, kazi na umbali wa mji. Linganisha wanafunzi wa bweni wasioruhusiwa simu na wa kutwa wa shule hiyohiyo. Hakuna ulinganisho usio na dosari, hivyo tumia miwili: yote miwili ikielekeza upande mmoja, una haki ya kuzungumza kwa ujasiri kidogo, ikipingana, andika kwamba imepingana.

Uliza maswali mawili, usiulize moja

Kama msomaji atachukua kitu kimoja tu katika mwongozo huu, ningependa kiwe hiki. Kwa kila jambo unalolichunguza, mwulize mtu maswali mawili tofauti, na uyatenganishe kwa dakika kadhaa za mazungumzo mengine. La kwanza: "Wewe mwenyewe unalionaje jambo hili?" La pili: "Watu wengi wa hapa, unadhani wanalionaje?" Majibu yake hayafanani, na pengo kati yake ndipo filamu na mitandao hufanya kazi yake kubwa.

Ushahidi wa jambo hili umetoka karibu nasi. Mwaka 2004 Rwanda ilianza kusikia Musekeweya, mchezo wa redio kuhusu vijiji viwili vya kubuni vinavyofarakana na kupatanishwa, uliotengenezwa kwa ajili ya nchi iliyotoka katika mauaji ya kimbari ya 1994. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alifuatilia kwa mwaka mmoja makundi yaliyousikiliza na makundi mengine yaliyosikiliza mchezo wa afya, na matokeo aliyoyachapisha 2009 yalikuwa ya kushangaza. Imani za watu binafsi hazikusogea sana. Kilichosogea ni mtazamo wao kuhusu nini kinakubalika: kama watu wa hapa huruhusu ndoa za kuvuka makabila, kama inafaa kusema wazi unapotofautiana na wengine. Tena matendo yalisogea pamoja na mtazamo huo, hata bila imani ya moyoni kubadilika.

Utafiti mwingine ulifanyika Uganda mwaka 2016, safari hii kwa filamu zenyewe. Katika vijiji 112 watu walialikwa kwenye maonyesho ya bure ya sinema, zaidi ya 10,000 wakahudhuria, na katikati ya filamu kuu baadhi ya vijiji vikaonyeshwa video fupi kuhusu ukatili dhidi ya wanawake. Miezi kadhaa baadaye, maoni ya watu kuhusu iwapo kupiga mke kuna uhalali yalikuwa karibu palepale. Ila wanawake walioziona walikuwa tayari zaidi kutoa taarifa za tukio, kwa sababu walitarajia kwamba jamii itawasikiliza na haitawaita wambea. Video hazikumfundisha mwanamke kwamba ukatili ni mbaya, hilo alilijua. Zilimwonyesha kwamba jirani aliyekaa naye kwenye benchi ameona alichokiona yeye, na kwamba naye anajua hivyo.

Ndiyo maana kutazama pamoja kibandani na kutazama peke yako chini ya shuka si jambo moja. Katika mitandao, kazi ya benchi hufanywa na idadi ya waliopenda, maoni chini ya video, na idadi ya waliosambaza. Kenya, Juni 2024, Muswada wa Fedha uliopendekeza kuongeza kodi ulifafanuliwa na vijana katika video fupi, baadhi yake kwa lugha za makabila yao ili wazazi waelewe. Hasira ya kodi ilikuwapo tayari katika kila nyumba. Ambacho hakikuwapo ni uhakika wa mtu mmoja mmoja kwamba wengine nao wako tayari kutoka barabarani. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia bungeni, watu wakapoteza maisha katika siku hizo, na siku iliyofuata Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia muswada huo sahihi. Atakayesema TikTok iliwafundisha Wakenya kuchukia kodi ameyasoma mambo kinyumenyume.

Rudi sasa kwenye goti. Ukiwauliza wanaume waliopiga goti kama wanaamini kwamba ndivyo posa inavyopaswa kuwa, huenda ukasikia wengi wakijibu kwamba posa ni ya wazee na mshenga bado alitumwa. Ukiwauliza kwa nini basi walipiga, utasikia: "Siku hizi ndivyo watu wanavyotarajia." Ukipata majibu ya namna hiyo kwa wingi, umegundua kwamba desturi imeongezewa tabaka juu ya ile ya zamani bila kuing'oa, na kwamba kinachosukuma ni hofu ya kuonekana mshamba kuliko kubadilika kwa itikadi. Lakini usimtilie mtu jibu hili mdomoni.

Angalia vitendo pia. Katika ule utafiti wa Rwanda, makundi yalipewa redio ya kaseti na kanda za kuusikilizia mchezo, wakaachwa waamue nani atunze. Makundi ya mchezo wa afya yalikubaliana mara moja kumkabidhi kiongozi; katika makundi ya Musekeweya mtu alisimama kupinga, wakajadiliana kuitunza kwa pamoja. Buni kipimo kidogo cha aina hiyo. Kwa uchumba, uliza nani alilipia pete na nani alikaa mbele siku ya posa. Kwa mtindo wa nywele, hesabu vichwa Jumamosi moja mbele ya saluni.

Unapofika kwenye mitandao, badili mbinu

Filamu ya kibandani ni moja kwa wote waliolipa kiingilio. Simu hairushi kitu kimoja kwa watu wawili, kwani programu humpangia kila mmoja kulingana na alichokitazama kwa muda mrefu, alichokirudia na alichokituma kwa wenzake. Mtafiti anayefungua simu yake mwenyewe ili ajue "vijana wanaona nini" anajitazama kwenye kioo.

Waombe watu kama 10 hadi 15, wa umri na kazi tofauti, waliokubali kwa hiari, wafungue programu wanayoitumia zaidi mbele yako na kupitisha video 20 za kwanza bila kutafuta kitu. Andika kila moja ni ya aina gani: vichekesho, mahubiri, mpira, mapishi, udaku wa wasanii, biashara, siasa, uchumba. Usiandike majina ya walioziposti. Ndani ya jioni mbili utakuwa na jedwali linaloonyesha kwamba mama lishe na mwanawe wanaolala nyumba moja wanaishi katika dunia mbili, na hiyo peke yake ni habari ya kutosha kuanzisha mjadala wa kikundi kizima.

Jihadhari na idadi ya watazamaji. Video iliyotazamwa mara milioni haimaanishi watu milioni, wala haimaanishi kwamba waliikubali. Nyingi husambaa kwa sababu watu wanaicheka au wanaikasirikia, na wapo wanaoishi kwa kutafuta kiki. Wapo pia chawa wanaolipwa kusifia, na akaunti zisizo na mtu nyuma yake. Unapoona jambo linasifiwa ghafla na wengi kwa maneno yanayofanana, jiulize nani ananufaika kabla ya kuandika kwamba jamii imebadilika.

Ridhaa na heshima

Anza kwa kumjulisha mwenyekiti wa serikali ya mtaa, au chifu na mzee wa mtaa kama uko Kenya, na kama ni kazi ya chuo fuata taratibu za kibali za chuo chako. Mweleze kila unayemhoji kazi ni ya nini na kwamba anaweza kukataa swali au kujitoa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019; zote zinakutaka uwe mwangalifu na majina, picha na sauti za watu. Watoto usiwahoji bila mzazi au mlezi kukubali. Nyumba ambayo ndoa yake imevunjika baada ya goti lililotazamwa na maelfu, ipite kimya, hata kama kisa chake ndicho kitamu kuliko vyote.

Kuandika na kurudisha matokeo

Andika ulichokiona kabla ya unachokidhani. Epuka "filamu zimesababisha" isipokuwa ulinganisho wako unaweza kuibeba kauli hiyo; "watu 9 kati ya 14 walisema waliona kwanza kwa msanii mtandaoni" ni sentensi isiyo na kiburi, na inadumu. Toa ukurasa mzima kwa yale yaliyokwenda kinyume na matarajio yako, kwa kuwa ndiyo wasomaji watakayoyajadili.

Kisha yarudishe mtaani kabla ya kuyapeleka popote. Omba dakika 20 kibandani kabla ya filamu ya jioni, au kwenye mkutano wa kikundi, uyasome kwa Kiswahili cha kawaida bila maneno ya darasani. Kwanza waulize waliohudhuria wakisie: wanadhani majirani zao wangapi wanataka uchumba wa goti? Andika makisio ubaoni, ndipo uwasomee idadi halisi ya waliosema wanautaka. Mwache mwenzako aandike yatakayosemwa baada ya hapo, pamoja na tarehe na idadi ya waliokuwapo, maana hayo nayo ni data, na utayahitaji utakaporudi baada ya miezi sita kuuliza tena.